Umeme wa Nyumba Iliyofungwa

4 Machi

Mpwa wangu Mtaalamu,

Tovuti yangu ilipotea Jumanne asubuhi, na ilipopotea iliondoka na oda ya mapazia ya bweni zima. Madirisha themanini na manne. Kila dirisha mita tano za kitambaa, jumla mita mia nne na ishirini. Bei sikuandikii, maana nikiiandika nitalia na hapa dukani kuna watu.

Msimamizi wa bweni alikuwa kwenye kikao na wakubwa wake. Akawaambia, "Huyu mama kazi yake safi, ngoja niwaonyeshe." Akafungua anwani yangu mbele ya wote. Ukurasa mweupe. Akajaribu tena, mweupe. Mkubwa mmoja akauliza, "Hiyo biashara yenyewe ipo kweli?" Kufika mchana kazi wamempa yule jamaa wa duka la pili, ambaye pindo zake hufumuka kabla wino wa risiti haujakauka.

Nakukumbusha tulikotoka. Nilikuuliza swali moja: njia ipi ni nafuu na haitaniaibisha? Ukanipa tatu. Ya kwanza, fundi wa mjini mwenye ofisi ya vioo, anayejenga tovuti kubwa kama hoteli na kutaka kulipwa kila mwezi. Nikasema mimi nauza mapazia, siuzi ndege. Ya pili, zile tovuti za kujijengea mwenyewe kwa simu, bure, ila jina lao linatangulia mbele ya langu na matangazo yao yanacheza katikati ya picha zangu. Nikasema sijahangaika miaka yote hii nikawe kibao cha matangazo ya watu. Ya tatu ukasema, "Shangazi, nitaandika kurasa nyepesi kwa mkono wangu, nitaziweka kwenye kompyuta ya baba nyumbani. Wewe utanunua umeme tu." Nikakubali. Wahenga walisema bure ghali, na mimi nikajifanya sijawasikia.

Jana alasiri tovuti imerudi yenyewe. Imetulia pale kimya kama mume aliyelala nje.

Nataka kujua nani ameirudisha, na kwa nini amechukua siku nzima na nusu. Nakuandikia kwa sababu ukipigiwa simu mtandao wako hukatika kila ninapofika kwenye hoja.

Shangazi yako


6 Machi

Shikamoo Shangazi,

Pole sana kwa oda. Nimeumia, si mdomoni tu.

Naomba nikueleze, maana naona lawama inakuja na virago vyake. Kurasa zako hazina kosa. Ni maandishi na picha tu, hazina mitambo ndani yake, ndiyo maana zinafunguka hata kwa simu yenye mtandao wa kusuasua. Yule fundi wa vioo angekujengea kitu kizito kinachotaka kulishwa na kuoshwa kila wiki. Hapo sijutii.

Tatizo ni umeme. Kompyuta ya baba ni ya zamani. Ukikatika umeme inazimika, na ukirudi haijiwashi. Lazima mtu ainame chini ya meza ya chakula, abonyeze kitufe. Tena ile betri ndogo ya ndani ilishakufa, kwa hiyo kila ikizimika inasahau tarehe na kurudi mwaka ilipotengenezwa. Lazima mtu akae kwenye kiti, aandike tarehe na saa upya, la sivyo milango ya mtandao haiiamini kompyuta na wateja wanafungiwa nje.

Jumatano nilipoona imerudi, na saa imewekwa sawasawa, nilikushukuru moyoni. Nilisema, Shangazi huyo, na goti lake lile, kapanda mteremko mpaka nyumbani. Na miezi yote hii tangu tumpoteze baba hujawahi kulalamika kwamba unakwenda kuingiza umeme na kubonyeza kitufe. Nilikuwa naona aibu hata kulitaja.

Ukienda tena, chomeka waya vizuri nyuma. Naona picha zinachelewa.

Mwanao


7 Machi

Mpwa wangu,

Mimi? Kwa mguu upi?

Sijaingia nyumba ya baba yako tangu tulipomzika. Nitaingiaje? Funguo zote mbili nilizitia kwenye kifurushi pamoja na vyeti vyake, nikakutumia kwa basi, ukasaini umepokea. Nilifunga madirisha, nikazima friji, nikachomoa pasi na jagi la umeme, nikafunga mlango wa mbele kwa kufuli lile kubwa. Kompyuta tu ndiyo niliyoiacha inanguruma, kwa sababu ulinisihi.

Sasa tuulizane kama watu wazima. Umeme wa nyumba ile ni wa kulipia kabla. Ukiununua unaletewa namba, na namba hizo lazima mtu azibonyeze kwenye mita. Mita iko ukutani, jikoni, ndani. Baba yako alipokuwa hai nilikuwa namtumia kwa simu yake, anaingiza mwenyewe, ananijibu "Imekula." Alipofariki nikakuuliza, umeme nitume wapi sasa? Ukanijibu, "Kama kawaida tu, Shangazi." Nami nikaendelea kama kawaida: natuma kwenye namba ya baba yako. Nilidhani umeichukua ile laini, vijana mnajua mambo hayo. Kila ninapotuma, simu yangu inaniambia ujumbe umefika.

Mwezi huu nilichelewa kununua, hilo ni kosa langu na nimelilipia kwa madirisha themanini na manne. Nilituma namba Jumatano saa tisa alasiri. Robo saa haikuisha, tovuti ikarudi.

Nimekaa na kalamu. Uliniambia kompyuta ile inakula uniti moja na nusu kwa siku. Mwezi ni arobaini na tano. Mimi nanunua sabini, kwa sababu baba yako alizoea sabini, na sabini zinaisha kila mwezi. Ishirini na tano zinaliwa na nani? Nimezigawanya: ni taa ya jioni na maji ya kuchemsha, ya mtu mmoja, asiye na makuu.

Kwa hiyo umempangisha mtu. Sema tu. Sikukatazi, nyumba ni yako. Ila mpangaji anayekunywa chai kwa umeme wangu nilistahili kuambiwa, nami angalau nimtoze nusu.

Shangazi


9 Machi

Shikamoo Shangazi,

Sijampangisha mtu. Funguo zote mbili ziko hapa, zimening'inia kwenye msumari juu ya kitanda changu. Nimezishika sasa hivi ninapoandika. Laini ya baba sijaichukua. Simu yenyewe sijui iko wapi. Niliposema "kama kawaida" nilidhani umebaki na ufunguo mwingine, na wewe ndiye unayekwenda kuingiza.

Labda kuna mwizi. Nimefikiri hivyo juzi nzima. Lakini mwizi gani anakaa tangu mwaka jana, haibi kitu, na anainama chini ya meza kuwasha tovuti ya mapazia?

Jana mchana, wakati wa mapumziko kazini, niliingia kwenye kompyuta ile kutoka huku, kwa mtandao. Nilitaka kuangalia tu. Nikaona ukurasa wako wa vipimo una nafasi, nikaanza kuongeza mfano wa kumsaidia mteja. Nikaandika: dirisha la upana wa mita mbili, kitambaa mita tatu.

Nilikuwa nimeinua mikono yangu, Shangazi. Nakuapia. Neno "tatu" likafutika, herufi moja moja, kutoka nyuma. Pakakaa wazi kidogo. Kisha likaandikwa "tano."

Nikadhani ni hitilafu. Nikafuta, nikaandika tena "tatu." Likafutwa. "Tano."

Nikaandika chini yake: Ni nani? Mshale ukaja taratibu mpaka kwenye swali langu, ukalifuta, ukarudi pale kwenye "tano" na kuweka nukta.

Nilizima kompyuta yangu nikaenda kusimama nje na wenzangu. Waliniuliza kama nimefiwa.

Mwanao


12 Machi

Mpwa wangu,

Ni tano. Upana mara mbili, ongeza mita moja ya mikunjo na pindo. Tangu lini dirisha la mita mbili likavaa mita tatu? Lingebaki uchi ubavuni. Yeyote aliyekusahihisha anajua kazi yangu kukupita wewe uliyelelewa kwenye vipande vya vitambaa vyangu.

Nimeshasema la kazi. Sasa nisikilize.

Jana asubuhi nilifunga duka, nikakodi pikipiki, nikaenda. Nilitaka kufika jua likiwa kali, na lilikuwa kali. Jirani, yule muuza mkaa, alikuwa kibarazani kwake anajaza makopo. Nikamwamkia. Kabla sijauliza chochote akaniambia, "Hajambo mpangaji wenu?"

"Mpangaji gani?"

"Huyo humo. Mtu mstaarabu, hana kelele, hana wageni. Taa anazima mapema. Ila ana dharau kidogo, mama. Salamu haitikii."

"Umemwona?"

"Kumwona nimwone wapi, na mapazia yenu mazito hayo?"

Akacheka. Mimi sikucheka, ingawa mapazia ni yangu na ile ilikuwa ni sifa.

Nikazunguka nyumba yote. Nondo za madirisha ni nzima, rangi haijakwaruzwa. Mlango wa nyuma umepigwa mbao kama tulivyoupiga. Mlango wa mbele kufuli limeshika kutu, na juu yake buibui ametanda utando mmoja mpana kutoka kitasani hadi kwenye fremu, umejaa vumbi. Huo si utando wa wiki moja. Hakuna aliyepita hapo, hata kwa ubavu.

Nikaweka sikio mlangoni. Nikaisikia kompyuta inavuma. Nikagonga. Nikasema, "Hodi."

Ndani kitu kikavutwa sakafuni, kwa upole, kama mtu anayesukuma kiti nyuma ili asimame. Kisha hakuna kitu. Nikangoja. Nikajua, kama unavyojua mtu kasimama nyuma yako kwenye foleni, kwamba kuna mtu upande wa pili wa ubao ule, naye anangoja mimi niondoke. Au niseme tena.

Sikusema tena. Niliondoka, na pikipiki nikailipa bila kudai chenji. Unanijua. Pima mwenyewe hali niliyokuwa nayo.

Simu ya baba yako niliizima kwa mkono wangu siku ya maziko, nikaitia kwenye droo ya meza yake ya kutengenezea saa za watu, chini ya vile vioo vyake vya kutazamia vidude vidogo. Nimesoma tena ujumbe wa simu yangu. Wote umefika. Wote.

Jambo la mwisho. Wakati narudi nilipita duka la kuchapa, nikamuuliza yule binti gharama za kuweka tovuti. Akatazama kurasa zangu akaniambia, "Mama, nyepesi hivi? Hizi zinawekwa bure kwenye kompyuta za kampuni, zisizozimika. Unalipia jina tu, mara moja kwa mwaka." Nikamuuliza njia hiyo imeanza lini. Akasema iko siku nyingi. Nikafanya hesabu palepale juu ya kaunta yake: jina la mwaka mzima ni sawa na umeme wa mwezi mmoja na kidogo. Mwezi mmoja, Mtaalamu. Mimi nimelipa minane tangu maziko peke yake.

Wewe ni mtu wa kazi hiyo. Huwezi kuniambia hukujua. Ile "bure" yako ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote, na uliniuzia ukijua. Kwa nini?

Nitumie ufunguo mmoja kwa basi la kesho.

Shangazi


15 Machi

Shikamoo Shangazi,

Ufunguo sitautuma. Nisamehe, sijawahi kukukatalia kitu.

Njia aliyokuambia binti wa duka la kuchapa ipo. Ni nzuri. Ikiwa unataka kuhamisha kurasa, haitachukua hata saa nzima, na nitakuelekeza. Tovuti yako haitazimika tena. Lakini nakuomba usihamishe. Kama umeme unakulemea, kuanzia mwezi huu nitanunua mimi.

Umeuliza kwa nini. Baba alipokuwa hai, kila mtu aliyefungua ukurasa wako, taa ndogo ya kijani mbele ya ile kompyuta ilikuwa inapepesa. Alikuwa akinipigia: "Leo wamekuja watu wengi dukani kwa dada." Alikaa peke yake mle, Shangazi, na wewe duka lilikubana, na mimi niko huku. Zile taa ndizo zilizokuwa zinapiga hodi.

Juzi niliingia tena. Sikuandika swali. Niliharibu tu hesabu nyingine, makusudi, dirisha la mita tatu. Nikaandika mita sita. Nilingoja mpaka chai yangu ikapoa. Ikasahihishwa: saba.

Nimefanya hivyo kila mchana tangu hapo. Nakosea, inasahihishwa. Sijui ni nani. Sitaki kufungua mlango nikute hakuna mtu. Na sitaki kufungua nikute yupo.

Ukihamisha kurasa, hutakuwa na sababu ya kununua umeme. Ukiacha kununua, mle ndani patakuwa giza, na aliyemo ataendelea kuwemo. Hilo ndilo ninalokuomba ulifikirie kabla hujakata.

Mwanao


16 Machi

Mpwa wangu,

Nimefikiri. Nimehamisha kurasa jana jioni, binti wa duka la kuchapa amenisaidia. Zinafunguka haraka kuliko zamani. Msimamizi wa bweni amezifungua, akasema lipo jengo la pili, madirisha sitini, na safari hii anataka mimi. Siwezi kutundika kazi yangu kwenye kitufe ninachobonyezewa na nisiyemjua.

Ile nakala ya zamani bado iko kwenye kompyuta ya baba yako. Sijaigusa. Taa yake haitapepesa tena, maana hakuna anayeifuata huko. Umeme uliobaki utaisha mwisho wa mwezi.

Sikasiriki tena kuhusu fedha. Ungeniambia tu kwamba ulitaka nyumba iwe na mwanga. Ningelipa. Ningenung'unika, lakini ningelipa.

Wewe ulimwuliza "Ni nani," akalifuta swali. Si swali zuri hilo. Hata mimi mtu akigonga kwangu na kuniuliza mimi ni nani, simfungulii. Nitamwandikia mwenyewe, nitauliza jambo la maana. Nakala unayo hapo chini. Nimeipeleka kwenye namba ile ile.

Simu inasema imefika.

Shangazi


16 Machi

Kwa uliye ndani,

Sijui nikuamkie au nikufukuze, kwa hiyo naanza na hesabu.

Umewasha kompyuta yangu kila ilipozimika, tangu mwaka jana. Umeweka saa sawasawa. Umemsahihisha kijana vipimo, na vyote ulivyosahihisha ni kweli. Kwa kazi hiyo ningemlipa mtu. Kwa upande wako umetumia uniti ishirini na tano kwa mwezi, taa na maji. Nimeweka hiki upande huu na kile upande ule. Sikudai, na wewe hunidai. Tuko sawa.

Ila kazi imekwisha. Kurasa zangu zimehama. Hakuna mteja atakayepita tena mbele ya hiyo taa ya kijani, na sitaki ukae unaitazama ukidhani watu wamekukimbia. Hawakukimbia. Mimi ndiye niliyewahamisha.

Kama wewe ni mtu uliyekosa pa kulala, sema. Nitakuja na fundi wa kufuli, mchana kweupe, na chakula, wala sitaleta polisi. Sikuzaliwa na duka, nimelala sakafuni kwa watu.

Kama wewe ni kaka yangu, basi nakuambia kwamba nilitupa udongo kwa mkono huu ninaoandikia, na nilidhani nimekupeleka mahali ambapo mtu hahitaji kununuliwa umeme. Kama nilikosea, nilikosea kama dada. Jumamosi zile nilizosema nitakuja na sikuja, nilikuwa na madirisha ya watu. Siwezi kuyafumua sasa.

Na kama wewe si huyu wala si yule, sitakuuliza wewe ni nini. Nitauliza ninachoweza kukitimiza.

Nimemwambia kijana akuachie ukurasa mmoja mtupu kwenye kompyuta hiyo. Haufunguki mahali pengine popote, ni mimi na yeye tu tunaouona. Hapo andika ndiyo, au andika hapana. Usiniwekee nukta, usinisahihishie hesabu, usifute swali langu.

Mlango sitaufungua kabla hujajibu. Ukikaa kimya, nitachukua kimya kuwa hapana, na nitaacha nyumba iende gizani, na litakuwa jambo ulilonichagulia wewe, si mimi.

Unataka niendelee kukununulia umeme, au hutaki? Nijibu kabla ya saa sita mchana, Jumamosi hii.

Mshona mapazia